Shindano la ranki katika snuka: maana yake nini?

Shindano la ranki ni lile ambalo pesa anayoshinda mchezaji inaandikwa kama pointi zake kwenye orodha ya dunia ya wachezaji wa kulipwa. Pauni moja ya Uingereza, pointi moja. Akiondoka na pauni 20,000, anaongezewa pointi 20,000. Yapo mashindano mengine yenye kombe zuri, kamera za televisheni na pesa nyingi kuliko hayo, lakini kama hayana hadhi ya ranki, mshindi anarudi nyumbani na hela zake na orodha haisogei hata kidogo.

Naieleza kwa sababu hapa Lubumbashi vijana wanaangalia snuka kwenye simu, wakati meza wanazozifahamu ni zile ndogo za biliadi za Katuba, Kamalondo na komini ya Kenya. Kwenye meza zile kanuni ni ya mtaa: anayeshinda anabaki, anayeshindwa analipa na kumkabidhi fimbo anayesubiri. Unaweza kuwafunga wote waliopanga foleni Jumamosi usiku, lakini Jumapili unaanza upya kama mtu yeyote. Hakuna daftari. Snuka ya kulipwa inalo, na hilo ndilo linaloamua utakutana na nani, utaanzia raundi gani, na kama msimu ujao utakuwa bado na kazi.

Kuhusu mchezo wenyewe, machache tu. Meza ni kubwa, futi 12 kwa 6, na juu yake kuna mipira 22: mekundu 15 ya pointi moja moja, sita ya rangi nyingine kuanzia manjano yenye 2 hadi mweusi wenye 7, na mweupe wa kupigia. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Mchezo mmoja unaitwa fremu, na mechi ni fremu nyingi. Fainali ya Ubingwa wa Dunia, kwa mfano, anaichukua anayefikisha fremu 18 kwanza.

Orodha ya kwanza ya dunia ilitolewa mwaka 1976, na wakati huo kilichohesabiwa ni matokeo ya Ubingwa wa Dunia wa miaka mitatu tu. Ray Reardon wa Wales ndiye aliyekaa juu. Mashindano mengine yalianza kupewa pointi mwaka 1982. Kwa miaka mingi pointi hizo zilipangwa mezani na viongozi wa mchezo: kufikia miaka ya 2010 bingwa wa dunia alikuwa anapewa 10,000, bingwa wa UK Championship 8,000, na wa Welsh Open 5,000. Kuanzia msimu wa 2014/15 hesabu hiyo ikawekwa kando na pesa yenyewe ikawa pointi.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika sana, na mimi siridhiki nako kabisa. Bingwa wa dunia sasa anapata pauni 500,000 na bingwa wa UK Championship pauni 250,000. Zamani tofauti kati yao ilikuwa kumi kwa nane. Leo ni mbili kwa moja. Wiki mbili nzuri pale Sheffield, kunakochezwa Ubingwa wa Dunia, zinaweza kufunika msimu mzima wa mchezaji aliyekuwa anafika nusu fainali kila mahali. Mdhamini akiongeza hela, uzito wa shindano unapanda siku hiyohiyo, hata kama mchezo ni uleule na wapinzani ni walewale. Faida yake ni kwamba hesabu iko wazi, hakuna anayeweza kulalamika kwamba kuna mtu aliyempunguzia pointi chumbani.

Sehemu ambayo wengi hawaijui ni kwamba pointi zinakufa. Orodha inabeba miaka miwili tu. Judd Trump alishinda shindano la Saudia jijini Riyadh mwaka 2024 akapata pauni 500,000, na pointi hizo ni zake kwa miaka miwili. Zikitimiza muda zinafutwa, na asipokuwa amevuna nyingine za kuziba pengo anateremka. Ndiyo maana utaona mchezaji anashinda mechi mbili wiki hii na bado anashuka nafasi tatu: alichopata ni kidogo kuliko kilichofutwa. Mtangazaji anaposema fulani “anatetea pointi nyingi” mwezi huu, anazungumzia pointi za miaka miwili nyuma zinazokaribia kufutwa.

Na nafasi kwenye orodha inanunua nini? Chukua Ubingwa wa Dunia, unaochezwa katika ukumbi wa Crucible jijini Sheffield tangu 1977. Wachezaji ni 32. Wale 16 wa juu kwenye orodha wanaingia moja kwa moja na wanatenganishwa kwenye ratiba ili wasikutane wao kwa wao raundi ya kwanza. Nafasi 16 zilizobaki zinagombaniwa na watu zaidi ya mia moja kwenye mchujo. Mtu wa 16 anapumzika nyumbani, mtu wa 17 anapigana siku chache kabla ili apate haki ya kukaa kwenye kiti kilekile. Hapo kuna kanuni ndogo ninayoipenda. Aliyepita kwenye mchujo akipoteza mechi yake ya kwanza Crucible, pauni 20,000 anazolipwa zinahesabiwa kwenye ranki. Mmoja wa wale 16 wa juu akipoteza mechi hiyohiyo, pesa analipwa ileile lakini pointi hapati. Nafasi ilimpa njia fupi. Pointi lazima ashinde angalau mechi moja ndipo azipate.

Mwaka 2025 Zhao Xintong wa China aliingia mchujo huo akiwa hana kadi ya kulipwa, yaani haki ya kucheza msimu mzima kama mchezaji wa kulipwa, akashinda mechi nne za mchujo, kisha akaendelea hadi fainali na kumfunga Mark Williams 18 kwa 12. Kwa shindano hilo moja alijikuta ndani ya 16 bora wa dunia. Anayeshangaa mtu kutoka bila pointi hadi juu kiasi hicho akumbuke zile pauni 500,000.

Sasa linganisha na Masters, linalofanyika London kila Januari. Wanaalikwa 16 wa juu tu, ukumbi unajaa, na wachezaji wenyewe wanalihesabu pamoja na Ubingwa wa Dunia na UK Championship kama makombe matatu makubwa. Shaun Murphy alilishinda mwaka 2025 akapewa pauni 350,000. Pointi za ranki: sifuri. Sababu ni ya haki. Kama waalikwa 16 wangepewa pointi ambazo wengine hawakuruhusiwa hata kuzigombania, walio juu wangebaki juu milele.

Bara letu lina mfano mzuri wa tofauti hii. Perrie Mans wa Afrika Kusini alishinda Masters mwaka 1979 kwa kumfunga Alex Higgins, na Silvino Francisco, naye wa Afrika Kusini, alishinda British Open mwaka 1985. Wote wawili waliwashinda wakubwa wa zama zao. Ila ukifungua vitabu, Francisco anaorodheshwa kama mshindi wa shindano la ranki na Mans hayumo. Si kwamba kombe la Mans lilikuwa dogo. Halikuwa na pointi.

Kuna yanayokaa katikati. World Grand Prix inachukua wachezaji 32 na Players Championship 16, na bado yote mawili ni ya ranki. Inaonekana kama yanavunja kanuni niliyotoka kuieleza, lakini kuingia kwake kunategemea orodha ya pembeni inayohesabu pesa za msimu mmoja tu, na msimu huo kila mwenye kadi alipata nafasi ya kuvuna. Lililoleta ubishi wa kweli ni Shoot Out, ambalo kuanzia 2017 lilipewa hadhi ya ranki ingawa mechi yake ni fremu moja ya dakika kumi. Nakubaliana na waliopinga: dakika kumi zinapima haraka ya mkono na bahati, na nafasi ya mtu katika kazi yake haifai kuamuliwa hivyo.

Maana kwa wengi hii ni kazi, na vita kali haiko juu ya orodha bali karibu na nafasi ya 64. Msimu ukiisha, 64 wa kwanza wanabaki na kadi zao. Anayeangukia ya 65 na muda wa kadi yake umekwisha, kama hakuokolewa na ile orodha ya msimu mmoja, anatoka, na akitaka kurudi anaweza kupitia Q School, mashindano ya mchujo yaliyoanza mwaka 2011, ambako anakutana na vijana wanaotafuta kuingia kwa mara ya kwanza. Tofauti ya 64 na 65 inaweza kuwa fremu moja iliyopotea mwezi wa Novemba.

Wapya hupewa kadi ya miaka miwili na wanaanza na sifuri. Mabingwa wa Afrika wamewahi kuingia kwa njia hii, wakiwemo Wamisri kadhaa na Amine Amiri wa Morocco. Akifika, mgeni kama huyo anakaa chini kabisa ya orodha na karibu kila anayekutana naye yuko juu yake, na akifungwa raundi ya kwanza mara nyingi hapati pesa, na bila pesa hakuna pointi za kumtoa chini. Safari, hoteli na mazoezi kwenye meza ya futi 12 analipia mwenyewe muda wote huo. Ana misimu miwili ya kushinda mechi za kutosha kufika 64.