Pete tatu kwa siku: mapambo ya Noeli ya kutengeneza na mtoto mdogo

Desemba ikiingia Bukavu, mashariki mwa Kongo, mzazi anaanza kupiga hesabu: nguo za Noeli, viatu vya Bonane (Mwaka Mpya), mchele, nyama. Mtoto wa miaka miwili hadi sita hana hesabu hizo. Anataka mtu mzima aketi chini karibu naye, mikono yao wote wawili ikishika kazi moja. Mimi ni mwalimu wa maternele, shule ya watoto wadogo, na wazazi wakiniuliza wafanye nini hela zikiwa ngumu, kitu cha kwanza ninachowapa ni mnyororo wa karatasi: pete tatu kila siku, tangu tarehe 1 hadi tarehe 24 Desemba.

Chukua daftari la shule lililokwisha. Kata vipande vyenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 15 hadi 17. Karatasi moja ya daftari inatoa vipande kumi hivi, kwa hiyo karatasi saba au nane zinatosha. Kila kipande kinageuka pete inayopita ndani ya mwenzake, na kila pete inaongeza sentimita 4 au zaidi kidogo. Pete 3 kwa siku 24 ni pete 72, yaani mnyororo wa mita 3 hivi, wa kuvuka saloni toka ukuta hadi ukuta.

Mbona tatu tu? Kwa sababu mtoto wa miaka mitatu anakaa kwenye kazi moja dakika tano, pengine kumi. Ukimwekea pete 72 mchana mmoja, ataondoka kwenye ya sita, nawe utamaliza zilizobaki peke yako ukinung'unika. Mnyororo utakuwa wa mama, si wake. Pete tatu anazimaliza bado ana hamu, na kesho atakuja mwenyewe kukuuliza. Dakika hizo kumi za kila siku, simu ikiwa mbali, ndizo zawadi yenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya miaka ya kwanza wenye nguzo tano. Pamoja na afya, chakula na usalama, waliweka mbili ambazo hazihitaji duka: kumjibu mtoto anapokuita kwa sauti, kwa macho au kwa mikono, na kumpa nafasi ya kujifunza mapema.

Kwa hiyo kaa usawa wake, juu ya mkeka. Mwache achague rangi. Taja unachokifanya kwa lugha ya nyumbani, Kiswahili au Mashi: napitisha, nabandika, bana hapa, hesabu hadi kumi. Akikuonyesha kipande kilichopinda, kitazame kwanza ndipo useme. Na pete ikitoka imepinda, iache ilivyo. Mzazi anayeinyoosha usiku mtoto akiwa amelala anadhani anasaidia, lakini asubuhi mtoto anaitambua pete yake, na anaona kwamba mtu ameirekebisha.

Kazi igawanywe kwa umri. Wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili achane karatasi. Kuchana kunatia vidole vyake nguvu. Wa mitatu apake gundi na kubana. Wa minne anaweza kushika makasi yenye ncha butu na kukata mstari ulionyooka mfupi, wa sentimita 2 tu. Wa mitano au sita akate kona na duara.

Gundi usinunue. Vijiko vikubwa 2 vya unga wa muhogo, uliochekechwa kwa kitambaa chepesi, na kikombe 1 cha maji, vinatosha wiki nzima ya pete, ila utapika nusu nusu kwa sababu haikai. Koroga unga katika nusu ya maji yakiwa baridi mpaka uwe kama maziwa. Nusu nyingine ichemshe, kisha mimina maziwa yale polepole huku ukikoroga, moto ukiwa mdogo, dakika tatu hadi tano. Weupe unapoondoka na gundi kuanza kung'aa na kuvutika, imeiva. Wanaotupa unga mkavu moja kwa moja kwenye maji ya moto wanapata madonge: nje ya donge inaiva na kufunga, ndani unga unabaki mkavu, na hakuna kukoroga kutakakolivunja. Gundi ambayo haijaiva inabaki nyeupe, na ikikauka inaachia.

Iache ipoe kabisa kabla ya kumpa mtoto, maana uji wa muhogo unashika kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji. Siku ya pili bado ni nzuri. Ikianza kunuka uchachu, itupe. Apake kwa ncha ya kidole kimoja. Gundi nyingi inalowesha karatasi ya daftari, inajikunja na kuchanika. Jambo moja tena ambalo watu wanasahau: muhogo ni chakula, na panya na mende wanaujua. Mnyororo utundikwe juu kila jioni, usiachwe chini wala kwenye kartoni.

Rangi zipo jikoni. Kijiko kidogo cha manjano ya unga katika robo kikombe cha maji kinatoa njano kali. Ukidondoshea hiyo njano matone ya maji ya majivu yaliyochujwa, inageuka nyekundu ya kahawia papo hapo, na ukitia ndimu inarudi njano. Watoto wa miaka minne wanaweza kurudia mchezo huo mpaka karatasi iishe. Matone ya majivu yawe kazi yako, si yao, kwa kuwa maji hayo yanachoma ngozi na macho. Kahawa iliyopikwa nzito inatoa hudhurungi; betrave, kile kiazi chekundu, iliyokwaruzwa na kukamuliwa inatoa waridi, ila jua linaifuta kwa siku chache. Paka karatasi nzima kwanza, ikauke, ndipo ukate vipande. Kipande kilicholowa hakishiki gundi.

Wazazi wengi wananiuliza pia kuhusu nyota za unga wa chumvi. Zinapendeza, lakini Bukavu Desemba ni mvua, na hapo ndipo zinapoharibikia. Kipimo ni kikombe 1 cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, na maji chini kidogo ya nusu kikombe, ukiyatia kidogo kidogo. Chumvi ya mawe itwange kwanza, la sivyo inaacha vishimo. Kanda dakika kumi mpaka usishike mikononi. Sukuma kwa chupa hadi unene wa milimita 5, si zaidi, kata nyota kwa kisu, toboa tundu kwa kijiti sentimita 1 kutoka ukingoni. Mtoto abonyeze kidole gumba katikati ya nyota yake. Wengi wanataka alama ya kiganja kizima: inadai unga wa sentimita 1, na unene huo kwa hewa yetu haukauki hata kwa siku nne, unaota ukungu ndani.

Kukausha, weka mchanga mkavu wa sentimita 2 ndani ya sufuria kuukuu, panga nyota juu ya karatasi, funika nusu, weka juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye makala yaliyofunikwa majivu. Saa mbili au tatu, ukizigeuza kila nusu saa. Moto mkali unakausha ngozi ya juu kabla maji ya ndani hayajatoka, ndipo nyota inavimba na kupasuka. Mbabula ikae barazani, kamwe isiingizwe chumbani kwa sababu ya mvua: moshi wa makala una sumu isiyonuka. Nyota zikiwa bado vuguvugu, zisugue kwa mshumaa pande zote. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, na nta inauzuia kwa muda. Bila nta, baada ya usiku mmoja wa mvua zinatoa jasho na kulainika.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu usimpe unga huo. Theluthi yake ni chumvi, na mtoto mdogo akimeza tonge chache anaweza kuugua vibaya. Yeye mtengenezee mwanasesere wa kitenge. Mwombe fundi wa cherehani mabaki, mara nyingi anayatupa. Fua mpaka maji yatoke safi, maana rangi mpya inachuja na yeye atakitia kinywani. Kipande cha sentimita 30 kwa 30. Katikati weka donge la mabaki la ukubwa wa ndimu, kusanya kitambaa, funga shingo kwa uzi mara sita na ushone fundo lisifunguke. Pembe mbili zifunge mafundo, ndizo mikono. Macho yashone kwa uzi. Kifungo, ushanga au punje ya haragwe, hapana: chochote kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya choo kinaweza kumkaba.

Taa za kuwaka sizipendekezi, umeme wenyewe unakuja na kuondoka. Wala mshumaa usikae karibu na mnyororo. Katika nyumba za mbao zilizobanana, kama zile za Kadutu hapa Bukavu, karatasi moja ikishika moto haiishii kwako. Tawi la mseprasi ndani ya bidoni lililokatwa na kujazwa mawe linasimama vizuri, na mnyororo unalizunguka.

Baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, mnyororo unaweza kuwashia makala, na vitenge vifuliwe vihifadhiwe. Nyota za chumvi zilizovunjika usizimwage uani. Kuku akizidona chumvi inaweza kumuua, na mboga pale hazitaota vizuri. Zifunge kwenye sashe, ziende na takataka.