Anasema "tamaki": je, masikio ya mtoto wangu ni mazima?

Foleni ya kliniki ya watoto jijini Dar es Salaam ina mazungumzo yake: nani ameota meno, nani ameanza kusimama dede, nani mpaka leo hajasema hata "mama". Maswali haya ni ya kwenye benchi hilo.

Wa kwangu ana miaka miwili na miezi miwili. Samaki anamwita "tamaki". Ina maana hasikii vizuri?

Mara nyingi sikio liko sawa, ni ulimi ambao haujafika. Kutamka "s" kunataka ulimi ukaribie ufizi bila kuugusa, hewa ipenye kwenye upenyo mwembamba. Kwa "t" unagusa na kuachia, basi. Mtoto huchukua iliyo rahisi. "R" nayo inataka ulimi utetemeke, ndiyo maana "rafiki" huwa "lafiki" kwa muda mrefu tu.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Mwonyeshe samaki, umwambie "tamaki" kama anavyosema yeye. Wengi watakukatalia: "Si tamaki! Tamaki!" Wanasayansi wa Marekani Jean Berko na Roger Brown waliandika kisa cha namna hiyo mwaka 1960: mtoto wa Kiingereza alikosea jina la samaki wake wa kuchezea, lakini mtu mzima alipolikosea vilevile, mtoto hakukubali mpaka lilipotamkwa sawasawa. Kichwani neno lilikuwa zima.

Kwa hiyo usimcheke, wala usimlazimishe kurudia mara kumi. Mjibu tu: "Ndiyo, samaki! Samaki mkubwa."

Ubongo unaanza lini kuzijua sauti za lugha ya nyumbani?

Mapema kuliko tunavyodhani. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mtoto tayari anasikia, hasa mdundo wa sauti ya mama. Mwaka 1971 watafiti waliwapa watoto wa mwezi mmoja hadi minne chuchu ya bandia na kupima kasi ya kunyonya. Sauti ikirudiwa, mtoto huizoea na kupunguza kasi. Ikibadilika kutoka "ba" kuwa "pa", huanza kunyonya kwa nguvu upya. Alikuwa ameisikia tofauti.

Ajabu ni kwamba kichanga husikia hata tofauti zisizotumika kwao. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa nyumba za Kiingereza walitofautisha sauti za Kihindi wakiwa na miezi 6 hadi 8, lakini walipofika miezi 10 hadi 12 wengi hawakuweza tena. Patricia Kuhl na wenzake wakakuta jambo kama hilo Japani kwa "r" na "l", mwaka 2006: karibu na mwaka mmoja watoto wa Kijapani walianza kulegea, wa Marekani wakazidi kuwa hodari.

Huo si upungufu. Ubongo unaimarisha njia za sauti anazokutana nazo kila siku na kuziacha zile zisizo na kazi. Sisi wenyewe tunao majirani wanaotafuta "mahari" pa kukaa na kulipia "mahali" ya binti. Lugha waliyoanza nayo haikuhitaji kutenganisha "r" na "l". Wala si wagonjwa.

Tunaongea haraka bila kupumzika. Anajuaje neno linaishia wapi?

Anahesabu, bila mwenyewe kujua. Baada ya "sa-ma" hukutana na "ki" mara nyingi mno. Baada ya "samaki" huja chochote: mkubwa, wa nazi, ameungua. Silabi zinazoandamana daima zinafungwa pamoja kama neno. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi minane silabi za lugha ya kubuni, mfululizo bila vituo, kwa dakika mbili tu, na watoto wakaanza kuyatambua "maneno" yake.

Kiswahili kinamsaidia pia kwa mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akikuletea "maki" badala ya samaki, amebeba sehemu iliyosikika zaidi.

Bibi yake anamsemesha Kihaya, sisi Kiswahili. Tunamchanganya?

Hapana. Mwacheni bibi aongee. Katika Kihaya kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, jambo ambalo Kiswahili hakina; sikio la mtoto litabeba yote mawili. Akichanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja, hiyo ni kawaida.

Katuni za Kiingereza je? Anatulia nazo.

Anatulia, ndiyo. Kujifunza sauti ni habari nyingine. Mwaka 2003 Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Marekani wa miezi tisa vipindi 12 vya Kichina. Waliocheza na mtu aliye hai walizishika sauti; waliotazama mtu yuleyule kwenye video hawakupata kitu. Dada wa kazi anayepiga naye soga akimenya viazi anamfundisha kuliko televisheni.

Niwe na wasiwasi lini?

Asiposhtuka kwa kelele kubwa. Asipogeukia sauti akiwa na miezi sita. Asipobwabwaja "bababa" kufikia miezi kumi, asipokuwa na neno hata moja kwenye miezi 18, au asipounganisha maneno mawili kama "mama maji" akitimiza miaka miwili. Na wakati wowote akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua.

Kama aliugua homa ya uti wa mgongo, alipata manjano makali alipozaliwa, au sikio linatoa usaha, usingoje dalili hizo. Omba apimwe usikivu kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia mwaka 2017, na kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, kifaa hicho husaidia zaidi kikiwekwa mapema, ubongo ukiwa bado unachambua sauti.