Kreni Iliyozeeka: Dhana Zinazopotosha Uamuzi

Kwenye kiwanda chenye kreni kongwe hakukosekani anayetaka ing'olewe kwa kuwa ina miaka 40, wala anayetaka iachwe kwa kuwa haijawahi kuangusha mzigo. Hoja zote mbili hazina uzito.

Dhana: Umri wa kreni ni miaka yake

Kinachochosha chuma ni idadi ya mizigo na uzito wake. Chukua kreni mbili. Moja imo kwenye jumba la mitambo ya kufua umeme na ina miaka 40. Hata tukiihesabia mizigo 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ambayo ni mingi mno kwa kazi yake, haitazidi mizigo 120,000. Nyingine ina miaka 12 tu, lakini inalisha tanuru la kuyeyushia chuma: mara 20 kwa saa, saa 16 kwa siku. Kwa siku 300 zilezile imeshapita milioni 1.1. Hapo mzee ni yupi?

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 4301 hupanga kreni kwa mizunguko ya kazi, yaani mara inazoinua na kushusha mzigo, kuanzia isiyozidi 16,000 hadi ile inayopita milioni 4, kisha kikatazama na uzito wa mizigo yenyewe. Uzito una nguvu kuliko wengi wanavyodhani, maana uchakavu hukua kwa kipeo cha tatu cha uzito. Mzigo wa nusu ya uwezo hula takribani moja ya nane tu ya uhai unaoliwa na mzigo kamili. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kuulizia ni daftari la kazi la kreni. Lisipokuwepo, mhandisi hana budi kukadiria kwa kudhani mabaya zaidi, na kreni nzima inaweza kuhukumiwa kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Dhana: Imefaulu jaribio la mzigo, basi ni nzima

Jaribio la kawaida hubebesha kreni asilimia 125 ya uwezo wake ikiwa imetulia, na asilimia 110 ikiwa kwenye mwendo. Likipita, limethibitisha kwamba leo haikuvunjika. Ufa mchanga kwenye weldi hupita jaribio hilo kimyakimya, na anayelirudia kila mara ili ajiridhishe anazidi kuichosha kreni kwa mizigo mizito kuliko yote.

Ufa hutafutwa kwa macho na kwa mkono, hasa pale boriti kuu inapoungana na boriti fupi yenye magurudumu. Dalili yake mara nyingi ni rangi iliyopasuka na mchirizi wa kutu unaotokea hapo. Fundi hukwangua rangi mpaka chuma king'ae, akapuliza dawa nyekundu, akasubiri iingie, akaifuta, halafu akapuliza nyeupe. Kama kuna ufa, mstari mwekundu hujichora wenyewe juu ya weupe. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na mimi ningeiamini kuliko cheti cha jaribio.

Dhana: Ni ama ukarabati mkubwa ama kuitupa

Kuna njia ya tatu ambayo vikao vingi huiruka: kuishusha uwezo. Kreni ya tani 20 ikifanywa ya tani 16, kila mzigo kamili utakula karibu nusu ya uhai uliokuwa unaliwa awali. Hilo halifuti uchovu uliokwisha kujilimbikiza wala haliponyi ufa uliopo, na halina maana kama bamba la uwezo limebadilishwa huku kidhibiti cha uzito kikiachwa kwenye tani 20.

Dhana: Winchi kubwa zaidi itaiongezea nguvu

Mzigo hauishii kwenye winchi. Unapita kwenye boriti, magurudumu, reli, nguzo za jengo hadi msingi. Kimojawapo kikishindwa, winchi mpya haisaidii kitu.

Dhana: Kreni hufa chuma kikichoka

Mara nyingi boriti bado ni imara, ila kadi ya kuendeshea mota haitengenezwi tena na kipuri cha mwisho kimeshatumika. Hapo hubadilishwa mfumo wa umeme, si kreni. Tena mota zinazoanza kwa upole hupunguza mitikisiko inayochosha chuma.

Dhana: Ikishindikana, chuma chakavu kitalipa gharama

Kreni ya Kockums, kiwanda cha kuunda meli huko Malmö, Sweden, ilikuwa na kimo cha mita 138 na uwezo wa tani 1,500. Ilijengwa miaka ya 1970, ikauzwa kwa Hyundai kwa dola 1. Gharama yenyewe ilikuwa kuifungua na kuisafirisha hadi Ulsan, Korea Kusini, mwaka 2002, na mnunuzi ndiye aliyeibeba. Kreni ndogo nazo zina gharama zake: breki za zamani huweza kuwa na asbesto, rangi ikawa na madini ya risasi, vyote hatari kwa afya, na kuishusha boriti kunahitaji kreni nyingine na kusimamisha uzalishaji. Makadirio ya kuing'oa yaombwe kabla ya uamuzi, siyo baada.