Kituo cha maji kujaa ni nini?

Ni mahali ambapo ndege wa matopeni hukusanyika maji ya bahari yanapofunika malisho yao. Chamchanga na jamaa zake hula minyoo, kaa na konokono wadogo waliojificha topeni. Hawapigi mbizi kutafuta chakula. Maji yakishawafika tumboni, kazi imekwisha. Hapo huruka makundi kwa makundi hadi kwenye fungu la mchanga lililobaki juu, au kwenye matawi ya mikoko, wakangoja maji yatoke. Saa zao ni za bahari, si za jua. Hata usiku wa manane, maji yakiwa yametoka, wao wanakula.

Mombasa wengi huenda kuwatazama maji yakiwa yametoka kabisa, maana ndipo tope linapoonekana. Lakini ukisimama kando ya kriki ya Tudor saa hiyo, ndege wametawanyika mbali mno, na hata kwa darubini utaona vidoa tu. Afadhali uende maji yakijaa, kwa kuwa kila tope linavyopungua ndivyo wanavyosogezwa ulipo. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alasiri, na kati ya kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita 3. Fika saa nane. Siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana, usijisumbue: tope jingine halifunikwi, na ndege hawana sababu ya kujazana pamoja.

Wakishatua, wengi husimama mguu mmoja, mdomo wameuchomeka kwenye manyoya ya mgongo, nyuso zimeelekea upepo. Mtafute chamchanga mwenye mdomo uliopinda chini kidogo. Huyo huzaliana Siberia, na akiwa huku ni wa kijivu. Ikifika Aprili, safari imekaribia, kifua kinaanza kugeuka rangi ya matofali. Wakati huo anajiwekea mafuta ya njiani, kwa hiyo kumrusha ovyo ili upate picha ni kumlia akiba yake.

Shakwe na buabua nao hutua kwenye mafungu hayohayo, kama pale mto Sabaki unapoingia baharini, karibu na Malindi. Ila buabua huvua samaki, hangoji tope. Ukiwaona wao peke yao, usidhani maji yamejaa.