Je, wajua kwa nini dalali wa kahawa wa Amsterdam ni mwalimu mzuri wa nadharia ya fasihi?

"Mimi ni dalali wa kahawa, na nakaa Lauriergracht, namba 37." Ndivyo inavyoanza Max Havelaar, riwaya ya Kiholanzi iliyochapishwa mwaka 1860. Anayesema ni Batavus Droogstoppel, mfanyabiashara asiyetaka kusikia mashairi wala maigizo kwa sababu, kwa maoni yake, yote ni uongo. Lakini kitabu chenyewe ni shitaka dhidi ya dhuluma za utawala wa Uholanzi huko Java, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Kwa nini mwenye shitaka zito namna hiyo amkabidhi ufunguo wa nyumba mtu kama Droogstoppel?

Mwandishi, Eduard Douwes Dekker, alikuwa ofisa wa kikoloni. Januari 1856 alipewa wilaya ya Lebak, katika eneo la Banten, magharibi mwa Java. Muda si mrefu akamshitaki mtawala wa kienyeji wa huko kwa kuwanyang'anya raia nyati na kuwatumikisha bila malipo. Wakubwa wake hawakumuunga mkono, naye akajiuzulu mwaka huohuo. Riwaya aliiandika Brussels mwaka 1859, akijiita Multatuli, Kilatini cha "nimestahimili mengi".

Wanafunzi wengi hujifunza nadharia kwa kukariri fasili: umuundo ni hivi, baada-ukoloni ni vile. Kisha huibandika nadharia juu ya kitabu kama muhuri wa posta. Riwaya hii haikubali muhuri, kwa kuwa kabla hujatoa hukumu yoyote lazima ujue sentensi uliyonayo mkononi imetoka kinywani mwa nani.

Tuanze na vinywa hivyo. Droogstoppel anakutana na mtu aliyesoma naye zamani, sasa fukara, asiye na koti la baridi bali shali tu. Anamwita Sjaalman, yaani mtu wa shali. Sjaalman anamwachia furushi la maandishi. Droogstoppel, akitumaini kupata humo kitabu kuhusu kahawa, anampa kazi ya kuandika kijana Mjerumani aliye ofisini kwake, Stern. Stern anasimulia habari za Havelaar, ofisa wa kikoloni huko Lebak, ambaye ndiye Sjaalman kabla ya kufukarika. Kila mara Droogstoppel anachomeka sura zake za kulalamika. Mwishoni Multatuli mwenyewe anainyakua kalamu, anamshukuru Stern, anamlaani Droogstoppel asakamwe na kahawa atoweke, na anamgeukia Mfalme Willem III moja kwa moja. Kwa muda mrefu vurugu hii ilionekana kama udhaifu wa mtu asiyejua kupanga hadithi. Mwaka 1966 mhakiki wa Kiholanzi A. L. Sötemann alitoa utafiti mzima juu ya muundo wa riwaya hii na kuonyesha kwamba vipande vyake vimefungamana kwa hesabu.

Hapa ndipo naratolojia, yaani taaluma ya jinsi hadithi zinavyosimuliwa, inapokuwa zana ya kazi. Gérard Genette, Mfaransa, mwaka 1972 alitenganisha maswali mawili yaliyokuwa yakichanganywa: nani anasema, na nani anaona. Hilo la pili ndilo fokalizesheni. Mieke Bal, mtaalamu wa Kiholanzi, katika kitabu chake cha 1978 aliliendeleza kwa kutofautisha anayeona na kinachoonwa. Chukua ukurasa mmoja tu, uchore safu nne: anayesema, anayeona, kinachoonwa, asiyesikika. Jaza sentensi kwa sentensi. Ukurasa wa shali utakupa hivi: anayesema ni Droogstoppel, anayeona ni Droogstoppel, kinachoonwa ni mtu asiye na adabu ya kuvaa koti. Msomaji, kwa macho yaleyale ya Droogstoppel, anaona umaskini. Kejeli yote ya kitabu imekaa katika ufa huo, na jibu la swali letu la mwanzo limo humohumo: mwandishi hakuhitaji kumhukumu dalali wa kahawa, alimwacha aongee hadi ajihukumu.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuandika "Multatuli anasema" mahali ambapo anayesema ni Stern au Droogstoppel. Kosa la pili ni kumfanya Havelaar na Dekker kuwa mtu mmoja. Wanafanana, ndiyo, lakini Havelaar ni mhusika aliyepambwa, na mwenye kumpamba alikuwa na sababu zake.

Sasa peleka jedwali lako kwenye sura ya 17, kisa cha Saidjah na Adinda. Nyati wa baba yake Saidjah anachukuliwa na mkuu wa wilaya. Baba anauza kris, jambia la urithi, kwa gulden 24, fedha ya Kiholanzi, anunue mwingine. Huyo naye anachukuliwa; zinauzwa ndoano za fedha za chandarua kwa gulden 18. Marudio haya ndiyo hoja yenyewe: wizi umegeuka utaratibu. Saidjah anaondoka kwenda Batavia, Jakarta ya leo, kutafuta pesa, na Adinda anachonga alama moja kwenye kinu cha mpunga kila mwezi unapoandama. Saidjah anarudi, hamkuti. Anamfuata Lampung, kusini mwa kisiwa cha Sumatra, na kumkuta ameuawa na askari wa Kiholanzi, naye anajitupa kwenye singe zao.

Angalia safu ya kwanza. Saidjah anatufikia kupitia kwa Stern, aliyetoa kisa kwenye furushi la Sjaalman, yaani Havelaar, ambaye ameumbwa na Dekker. Wanaume watatu wa Ulaya wamesimama kati ya msomaji na kijana wa Banten. Swali la mhakiki wa Kihindi Gayatri Spivak la mwaka 1988, kama aliye chini kabisa anaweza kusema, linapata hapa kitu cha kupima: hesabu maneno ya Adinda, uyalinganishe na ya Droogstoppel. Na usimfanye Multatuli mpigania uhuru. Anachomtaka mfalme ni utawala wa haki, wala hataki utawala uondoke; tena mshitakiwa wake wa kwanza ni chifu mwenyeji. Hapohapo anatishia kukitafsiri kitabu kwa Kimalay, Kijava, Kisunda na lugha nyingine za huko. Yote mawili yamo, na uhakiki unaochagua moja tu ni mwepesi.

Limebaki jambo ambalo wengi huliruka: unasoma toleo gani? Jacob van Lennep, aliyesimamia uchapishaji wa 1860, aliweka nukta badala ya majina ya mahali na tarehe. Kwa hiyo shitaka lililotaja wilaya likageuka kuwa kisa cha mahali fulani, mwaka fulani. Dekker alikwenda mahakamani na akashindwa, kwa kuwa alikuwa amemwachia haki ya kitabu. Ni katika toleo la 1875 alipoyarejesha majina na kuongeza maelezo yake mwenyewe. Hati ya mkono ilijitokeza mwaka 1910. Matini za Kiholanzi zinapatikana bure kwenye maktaba ya kidijitali ya DBNL. Ukitumia tafsiri, fungua kwanza dibaji uone imetoka toleo lipi, maana hoja yako kuhusu ukimya wa kikoloni inaweza kuwa imejengwa juu ya nukta za Van Lennep.