Zoni kwenye sebule iliyoungana na daining, maana yake nini hasa

Siku hizi Dar apatimenti nyingi, iwe Sinza, Mikocheni au Mbezi, ukifungua mlango tu jicho linaenda mpaka kwenye meza ya kulia na ukikaza kidogo unaona hadi masufuria jikoni, hakuna ukuta wa kati. Hiyo ndo openi plani. Ila openi plani ni hali ya jengo tu, umekabidhiwa ukumbi mmoja mkubwa basi. Zoni ndo kazi inayokusubiri wewe mwenye kuishi humo, yaani kuligawa lile eneo ili kila sehemu iwe na shughuli yake na mgeni akiingia ajue hapa ni pa kukaa, pale pa kula, huku ni njia, bila kuambiwa na mtu.

Wengine wanadhani ni mambo ya kizungu lakini we fikiria mkeka. Kwenye zile nyumba za Kiswahili, korido katikati vyumba kushoto na kulia na ua nyuma, daining hakuna, ila mkeka ukitandikwa uani basi pale pameshakuwa pa kula, watu wanavua viatu, watoto wanaambiwa wasikatize, na chakula kikiisha mkeka unakunjwa eneo linarudi kuwa la kuanika nguo. Hiyo ni zoni kabisa, imewekwa na kitu kimoja tu cha ukindu. Huko Chicago, Marekani, nako kuna nyumba inaitwa Robie House, aliichora msanifu majengo Frank Lloyd Wright, ilikamilika 1910, sebule na daining ziko kwenye ukumbi mmoja mrefu na kinachozitenganisha ni ile sehemu ya kuotea moto iliyojengwa na dohani yake katikati, unapita pembeni. Sisi ya kuotea moto ya nini na joto hili la mwezi wa pili, ila wazo ndo lilelile, kitu kinasimama badala ya ukuta.

Sasa kwetu hicho kitu mara nyingi ni mgongo wa kochi. Mazoea yetu ni kuyabandika makochi yote ukutani, katikati kunabaki uwanja wa kucheza mdako, halafu meza ya daining imesukumwa kona kama inadaiwa kodi. Ukilichukua kochi moja, hasa upande mfupi wa kochi la L, ukaligeuza mgongo uangalie daining, hapohapo sebule imeshapata mpaka. Angalizo moja, mgongo huo utaonekana, kwa hiyo ukienda Keko kuchongesha mwambie fundi kabisa kwamba kochi litakaa katikati ya nyumba, maana akijua linaegemea ukuta nyuma anaweza kukuwekea kitambaa chochote kile.

Kapeti ndo linafuata na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Kapeti linachora sakafu, kilichokanyaga juu yake ni familia moja, sasa ukiweka kakapeti kadogo chini ya stuli peke yake na makochi yote yako nje kwenye marumaru, hujagawa kitu, umeweka kiraka. Angalau miguu ya mbele ya makochi ikanyage kapeti. Upande wa daining hesabu ni kali zaidi kwa sababu viti vinavutwa: meza ya watu sita ya futi 3 kwa 6 inataka kapeti lizidi kama futi 2 kila upande, yaani futi 7 kwa 10, sasa we umeenda Kariakoo umenunua lile la 5 kwa 8 kwa sababu rangi imekupendeza, mgeni akivuta kiti miguu ya nyuma inashuka, akirudi inakwama, kila siku kapeti limekunjamana. Kwa maoni yangu daining liache bila kapeti kabisa, wali na mchuzi wa nazi vikidondoka kwenye marumaru unafuta tu.

Halafu njia. Njia nayo ni zoni japo haina fanicha, ndo maana inasahaulika. Acha kama futi 3 mahali watu wanapopita kutoka mlangoni kwenda jikoni na vyumbani, na isikatize mbele ya TV, mpira unachezwa mtu anapita na ndoo mbele yenu mtagombana bure. Kuizunguka meza vilevile, futi 3 kila upande ili mtu akae na mwingine apite nyuma yake, sasa piga hesabu, ile meza ya 3 kwa 6 kumbe inakula eneo la futi 9 kwa 12. Kama ukumbi hauna hiyo nafasi chukua meza ya wanne au weka benchi upande wa ukutani, meza ya wanane ya mninga itakaa vizuri kwenye picha tu.

Taa inagawa usiku. Taa ya kuning'inia juu ya meza, chini yake ibaki kama futi mbili na nusu mpaka mezani, na iwe na swichi yake peke yake, hilo mwambie fundi umeme kabla jipsamu haijafungwa. Rangi sina mengi, ukuta ni mmoja unaendelea kwa hiyo usipake sebule kijani na daining zambarau, chagua rangi moja halafu ile ya mito ya kochi irudie kwenye viti au pazia la daining, inatosha.

Kitu ambacho zoni haifanyi ni kuzuia hewa. Harufu ya dagaa itafika kwenye kochi, na AC itapoza ukumbi mzima sio upande wako tu, kwa hiyo ile ndogo ya chumbani itahangaika na umeme wa LUKU utaisha. Ndo maana sipendi shokesi refu kuwekwa katikati kama kigawio, linaziba upepo wa dirisha hadi dirisha na pangaboi linabaki kuzungusha joto upande mmoja. Kama lazima uwe na kitu kirefu pale katikati weka rafu iliyo wazi mbele na nyuma, vitu vizito vikae chini, na kama kuna watoto ifungwe kabisa ukutani au darini isije ikawaangukia.