Kabla hujatuma cha nje ya mada kwenye kundi la ploti

Makundi mengi ya WhatsApp ya wapangaji Nairobi huanza kwa sababu ya maji. Yatafunguliwa siku gani, lori likija kila nyumba itachanga ngapi, nani ameacha mfereji wazi. Miezi michache baadaye habari za maji zimefunikwa na mtungi wa gesi unaouzwa, maombi ya asubuhi, video ya mbunge akizomewa na kiungo cha bando za bure. Kazi yangu ni kuwaelekeza maadmini wa makundi haya, na wengi huja wakiwa na swali moja: tuwatoe?

Pole pole. Memu moja haina neno. Ila mtu akizichoka hunyamazisha kundi, na siku mlinzi atakapoandika kwamba kuna moshi ghorofa ya pili, simu ya huyo aliyenyamazisha haitalia. WhatsApp haimwonyeshi admini nani amenyamazisha. Anachoweza kufanya ni kufungua maelezo ya ujumbe wake mwenyewe aone ni nani wameusoma. Tangazo la asubuhi likiwa limesomwa na nusu ya nyumba kufikia usiku, kundi ni gonjwa.

Ukiwa na la kwako la pembeni, anza kwa maneno NJE YA MADA, maliza ndani ya mistari miwili, kisha sema ujibiwe wapi: "nitafuteni inbox". Tuma mara moja. Na usilichomeke katikati ya mazungumzo ya bomba lililopasuka; ngoja fundi apatikane kwanza.

Biashara nashauri iruhusiwe Jumamosi tu. Siasa sina subira nayo hata kidogo, hasa sasa tunapoelekea uchaguzi wa 2027. Ujumbe wenye mishale miwili, ile alama ya kuwa umefowadiwa mara nyingi, tangu Aprili 2020 unapitishwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Hilo moja lisiwe kundi la majirani.

Palipo pagumu ni msiba. Jirani wa nyumba namba saba akifiwa, hakuna wa kumwambia ametoka nje ya mada, na mimi nasema asitokee. Tangazo lenyewe si tatizo. Tatizo ni ile orodha ya mchango: kila anayetoa hunakili majina yote, huongeza lake chini, hutuma upya, na kati ya orodha na orodha kuna "pole sana" arobaini. Huwa napendekeza admini aweke tangazo mwenyewe, mara moja, pamoja na namba ya mweka hazina na kiungo cha kundi la mchango litakalofungwa baada ya mazishi. Pole mpelekee mfiwa mlangoni. Mko jengo moja, jamani.

Kisha kuna askari wa kundi. Mmoja anatuma kiungo cha ajabu, kumi wanamrukia: "Hapa si mahali pake!" Sasa mna jumbe kumi na moja za nje ya mada. Wazee wa mtandao walilijua hili mapema: RFC 1855, mwongozo wa adabu za mtandao wa Oktoba 1995, unakataza kutoka nje ya mada, na unawataka wawili wanaobishana waandikiane wenyewe badala ya kuendelea mbele ya kundi zima.

Tangu 2022 admini anaweza kumfutia mwanachama ujumbe kwa watu wote, lakini panabaki alama kwamba umefutwa na admini, na kila mtu anaiona. Kwa mtu mzima hiyo ni aibu. Kwa hiyo mwandikie kando kwanza: "Habari ya jioni, mzee. Ile video ya siasa naomba uitoe, kundi tumeliweka la maji na usalama." Mpe saa moja. Asipojibu, futa. Kiungo cha matapeli ni tofauti: hicho futa papo hapo, salamu zije baadaye.